Chuma cha Pale Darajani

Mazinde, Jumapili

Mama yangu, shikamoo.

Mimi mzima, mgongo tu ndio unaniuma. Nasikia mahindi ya huko Handeni yamekauka. Huku mvua inanyeshea mkonge wa watu.

Kazi yetu ni kufunga vyuma vya pembeni mwa barabara. Gari lenye kamera hupita, kisha akili mnemba huziangalia picha na kutuonyesha palipoharibika. Juzi ilitupeleka pale darajani alipofia mdogo wangu Sabiri. Msimamizi akanionyesha picha: chuma hakipo, pamezungushiwa alama nyekundu. Ilipigwa Ramadhani iliyopita, na Sabiri tulimzika baada ya Idi.

Nikamuuliza, "Kumbe mlijua?"

Akasema, "Mashine ilijua, Hussein. Vyuma ndio havikuja."

Mama, Athuman aliyekuwa amempakia Sabiri alikwambia lori liliwabana, pikipiki ikateleza, hapakuwa na kitu cha kuwazuia wasitumbukie korongoni. Ukamwita mwongo. Tangu siku hiyo huyo mtoto wa mdogo wako anakuamkia, humwitikii.

Chuma kipya nimekifunga kwa mikono yangu. Athuman akipita mlangoni akasema shikamoo, mwitikie.

Mwanao,
Hussein