Kibimba Bila Madodoso

Jumatatu, 7 Julai 2025

Tumefika Kibimba. Wanafunzi sita wa mwaka wa kwanza, magodoro yao, na mimi mwalimu wao. Mkuu wa chuo, Bwana Bulugu, alinipakilia bunda zima la madodoso. Nimelirudisha na gari lilelile! Kusoma maisha ya watu ni kukaa nao — kuchota maji nao, kulima, kupika. Wiki ya kwanza ni marufuku kuuliza maswali ya utafiti. Danstan akalalamika: sasa tutaandika nini? Ulichokiona na kukisikia mwenyewe, nikamwambia. Siyo ulichodhani. Na msiingilie mambo ya watu.

Teddy, binti wa Nyamahanga kule Biharamulo, nimempeleka kwa Mama Felisita, mjane mwenye shamba la kahawa. Kabla hata hajaketi, kakabidhiwa kikapu.

Jumatano, 9 Julai

Nimepita kwa Mama Felisita. Teddy vidole vinanata, mgongo unamuuma, anacheka. Anasema mama huyu akichuma huwa anamgombeza marehemu mumewe kwa kuipanda mibuni karibukaribu mno. Dodoso gani lingetoa hilo? Nimempigia Bulugu kumsimulia. Akauliza: "Ni asilimia ngapi ya wajane?"

Jumapili, 13 Julai

Baada ya misa, rubisi kwa Mama Felisita. Mimi niliondoka mapema. Teddy alibaki akigawa pombe, jioni kanisimulia. Sostenes, mdogo wa marehemu, alisimama na kibuyu chake akamsifia mama mbele ya ndugu wote: shemeji, kahawa yako imezaa, kaka alijua anamwachia nani shamba. Wakapiga makofi. Siku njema.

Jumanne, 15 Julai

Siamini. Sostenes amezungushia shamba miiba! Anasema ni la ukoo, yeye ndiye aliyelitunza miaka yote. Kwamba Mama Felisita alitokea kambi ya wakimbizi ya Lukole miaka ya tisini na kifurushi kichwani, hana ukoo hapa. Kesi iko baraza la kata, Alhamisi. Na wale waliopiga makofi Jumapili? Hakuna anayekumbuka. Wote eti pombe iliwazidi!

Teddy analia kwa hasira. "Mwalimu, ulisema tusiingilie."

Nilisema, ndiyo. Na sasa naona sikumaliza kusema. Nikaenda kumuuliza mama mwenyewe, maana shamba ni lake na shauri ni lake. Alikuwa amepita juu ya miiba, anachuma. Hakuacha kuchuma. "Huyu mtoto amekula kwangu, amelala kwangu. Aseme alichosikia. Asiongeze chumvi."

Jumatano, 16 Julai

Bulugu kapiga simu. Kuna mtu kampelekea maneno. Tunachafua jina la chuo, wanafunzi warudi kesho asubuhi, gari linakuja. Atakayebaki anapata sifuri. Na mimi nikumbuke mkataba wangu unaisha Septemba.

Nakumbuka sana! Nikamjibu: gari likija litufikishe barazani, kwa miguu ni mbali. Akakata.

Nimewaeleza wanafunzi ukweli wote. Anayetaka kurudi arudi, sitamlaumu. Danstan kafunga begi. Kalifungua. Kalifunga tena.

Naogopa. Siendi popote.

Alhamisi, 17 Julai

Naandika nikiwa barazani, benchi la nyuma. Wote sita wapo. Danstan ana begi mapajani, lakini yupo.

Gari la chuo liko nje. Bulugu amekuja mwenyewe, amesimama mlangoni ananiita kwa kidole. Siendi.

Sostenes amemaliza. Anaongea vizuri, lazima niseme. Neno lake la mwisho: huyu mama hana mtu.

Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani, anauliza kama kuna shahidi. Ndugu wote wanatazama viatu vyao.

Teddy amesimama.

"Wewe ni nani katika familia hii?" — mwenyekiti.

Sostenes anacheka. Mwanafunzi tu huyo, mpita njia.

"Teddy! Garini!" — Bulugu.

Hakugeuka. Hata mimi hakunitazama. Amekwenda mbele, amepiga goti mbele ya Sostenes kama binti wa nyumbani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba" — imemtoka! Ukumbi mzima umesikia. Mama Felisita amejifunika mdomo kwa khanga, mabega yanamtikisika. Sijui kama analia au anacheka.

Mwenyekiti amevua miwani. "Haya. Sema, mwanangu."

Bulugu ameingia. Anapita katikati ya mabenchi kumfuata Teddy. Nimesimama kwenye njia, kalamu mkononi.

Hapiti.