Nimeweka Programu ya Bure, Kamati ya Kanisa Inataka Nirudishe ya Wizi

Shangazi Watiri mpendwa,

Pokea salamu za upendo katika jina la Bwana kutoka huku Endarasha, ambako baridi ya mwezi huu imetufanya tuvae makoti hata jikoni, na unisamehe kwa barua ndefu, nimejaribu kuifupisha nikashindwa, kwa sababu kila nikifuta kitu roho inaniambia hicho ndicho Shangazi atataka kujua. Jina langu ni Naliaka. Liandike hivyo hivyo, usiniite Mwenye Huzuni wala Aliyechoka, mimi sijachoka.

Mimi ni mama wa watoto watatu, shule niliachia kidato cha pili, na mume wangu Masinde ni polisi, ndiye aliyetuleta huku kutoka Webuye alipopata uhamisho. Nilipofika sikujua mtu wala lugha ya huku, lakini tulikuwa na kompyuta nyumbani na kupiga chapa najua, kwa hiyo kanisa likanipa kazi ya kuandika vijitabu vya mazishi, si unajua huku mtu hazikwi bila kijitabu, picha yake mbele, historia yake, watoto, wajukuu, ndugu walio hai na wale waliomtangulia. Shangazi, ni hiyo kazi iliyonijulisha watu, nimeketi katika sebule zao wakilia na mimi naandika majina, na leo kuna akina mama wananiita dada ambao hapo mwanzo walikuwa wananiita tu bibi ya polisi.

Sasa ile programu ya kuandikia tuliwekewa na fundi na hatukuuliza ameitoa wapi, lakini mwaka jana ikaanza kutoa onyo kwenye kioo kwamba nakala hii si halali, nikifungua onyo, nikifunga onyo, na siku moja nilikuwa naandika Amri Kumi za darasa la kipaimara, nikafika pale pa Usiibe, na onyo likatokea hapo hapo juu ya maneno ya Mungu. Nilizima mashine nikaenda kuanua nguo.

Jirani yangu mwalimu Kanini, Mkamba mmoja mtulivu sana, akaniambia dada, ziko programu za bure ambazo wenyewe wamezitoa ili watu watumie, hizo si wizi, akaja na flash akafuta ile ya zamani na kuniwekea LibreOffice ya kuandikia, GIMP ya kusafisha picha za marehemu, na VLC ya kuonyesha video za kwaya ambazo kwanza zilikuwa zinakataa kufunguka. Nilifurahi nikamwimbia Mungu.

Halafu Mzee Kahiga akafariki. Nikaandika kijitabu chake vizuri, ndugu walio hai chini ya ukurasa wa pili, na juu ya ukurasa wa tatu nikaweka kiboksi cheusi kimeandikwa Waliomtangulia kwa Bwana, kisha majina ya wale waliokufa. Kwa sababu sina printa ya rangi nilituma kazi kwa cyber moja ya Nyeri mjini, nao wakafungua na programu yao nyingine, maandishi yakasukumwa kwenda chini, na jina la mwisho la walio hai, Shosho Gathoni, yaani Bibi Gathoni, dadake marehemu, likaruka likaingia ukurasa wa tatu chini ya kile kiboksi. Wakachapa. Hakuna aliyeangalia, mimi nikiwa wa kwanza.

Siku ya mazishi msomaji anasoma kwa sauti ya huzuni, "Waliomtangulia kwa Bwana ni dada yake mpendwa Gathoni," na Shosho akiwa ameketi mstari wa mbele akainua fimbo.

"Wee! Gathoni gani? Mimi niko hapa, na hata chai sijapewa!"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika nguzo za hema, lakini familia haikucheka, wengine wakasema ati kumwandika mtu aliye hai pamoja na wafu ni kumwitia kifo, na pasta akaombwa amwombee Shosho kabla jeneza halijashushwa. Mimi nilitamani ardhi inipasukie, lakini kaburi lililokuwa wazi lilikuwa la mwingine.

Baada ya maziko Mzee Gicheru, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, akaniita kando.

"Naliaka, hii ndio shida ya vitu ya bure. Kitu ya bure haina mwenyewe."

"Mzee, hata wokovu ni wa bure, na una mwenyewe."

"Usinihubirie! Niko na flash hapa, iko na ile programu mzuri ya zamani na namba ya kuifungua. Weka hiyo, ama hii kazi tupatie watu wa cyber. Kwanza wewe hata majina yetu hujui vizuri."

Hilo la mwisho liliniuma kuliko yote. Nikaenda kwa mume wangu nikidhani atakuwa upande wangu, naye anakula tu.

"Mama Simiyu, rudisha hiyo kitu watu watulie. Mimi nimekaa kituoni miaka hii yote, sijaona mtu ameandikwa kwa kitabu ya OB ati ameiba programu."

"Basi niandike mimi niwe wa kwanza, lakini sirudishi!"

Akasema nimeanza kuwa na kichwa ngumu kama watu wa huku.

Shangazi, kamati inakaa Jumamosi. Sirudi kwa ile ya wizi, hilo nimewaambia na nitalirudia, siwezi kuandika Usiibe na kitu nilichoiba. Lakini nikifikiria kuingia kanisani kama mgeni tena, bila kazi, bila mtu wa kuniita sebuleni kwake, moyo unashuka. Je, nikatae nipoteze nyumba yangu ya kiroho, ama niinamishe kichwa niweke hiyo flash?

Ni mimi Naliaka, Endarasha.

JIBU

Naliaka, jina lako nimeliandika. Sasa kaa chini, kwa sababu nitakupongeza kidogo na kukugombeza zaidi.

Una haki kuhusu programu. Kutumia kitu ambacho wenyewe wametoa kwa hiari si umaskini na si ujanja. Na hizi nakala za wizi zenye namba za kufungulia zinazopitishwa kwa flash mara nyingi huja na virusi tumboni, kwa hiyo Mzee Gicheru hakuletei zawadi. Mumeo naye mwambie kwamba kukosa kuandikwa OB hakujawahi kufanya kitu kiwe halali, na yeye anajua hilo kuliko sisi sote.

Lakini mama, lile jibu lako la wokovu ni tamu sana, na halikurudisha jina la Shosho Gathoni mahali pake. Umekimbilia kutetea kompyuta na kumwacha bibi wa watu akiwa ameandikwa na wafu. Barua yako nzima nimeisoma mara mbili, sijaona mahali ulipoenda kumwona. Ulimwogopa? Nenda kabla ya Jumamosi. Beba sukari na majani ya chai, keti, na usimweleze habari za LibreOffice hata kidogo. Mwambie, "Shosho, mimi ndiye niliyeandika na sikusoma kabla ya kuchapwa. Nisamehe." Basi. Akikucheka, cheka naye. Akikugombeza, nyamaza.

Sasa kosa lenyewe. Nimeuliza mtu anayetutengenezea mashine hapa ofisini, akasema kilichotokea kwako kingetokea hata na programu ya kununua. Ukituma kazi ikiwa bado inaweza kuandikwa, mashine nyingine ikakosa aina ya herufi ulizotumia, mistari inasonga. Kwa hiyo kazi inayokwenda kuchapwa itume ikiwa PDF. Katika LibreOffice kuna kitufe cha PDF pale juu. Bonyeza, hifadhi, kisha fungua hiyo PDF uisome mwenyewe mpaka mwisho. Hiyo ndiyo itakayofika cyber jinsi ulivyoipanga. Ile nyingine ibaki kwako ya kurekebisha.

Halafu agiza nakala moja tu kwanza. Ipeleke kwa familia, na mtu wao mmoja mwenye kujua ukoo akusomee majina yote kwa sauti. Huyu yuko hai? Huyu ni wa nyumba gani? Ndiyo, hata kama wana haraka, hata kama mwili uko njiani kutoka mochari. Hilo ndilo litakalomjibu anayesema hujui majina yao. Ni kweli hukuzaliwa nayo, na ndiyo sababu utayauliza kila mara.

Kanini ni jirani mwema, usimwache, lakini hata kwake usipokee programu kwenye flash. Pakua kila moja kutoka tovuti ya wanaoitengeneza, si kwenye ukurasa wowote unaokurukia na vitufe vya kijani. GIMP na VLC zote baki nazo. Kwaya ikitaka kurekodi nyimbo, iko Audacity, nayo haina malipo. Na kama kompyuta yako imezeeka inakohoa, siku moja Kanini anaweza kukuwekea Linux Mint, mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao huamsha mashine nyingi za zamani, ila nakala za kazi zako ziweke pembeni kwanza, na tafadhali, si wiki hii! Wiki hii una vita vya kutosha.

Jumamosi nenda umevaa vizuri. Fika na kijitabu cha Mzee Kahiga kikiwa kimechapwa upya, sawasawa, ukiwasilishe kwa familia kupitia kamati. Usiseme programu zako ni za bure, sema ni za halali, maana wazee wengine wakisikia bure wanasikia takataka. Sema kosa la kutosoma lilikuwa lako na utaratibu mpya ni huu. Kisha sema, kwa sauti ya kawaida, bila mahubiri, kwamba kitu cha wizi hutaweka.

Wanaweza kukunyang'anya kazi. Sitakudanganya, kamati za kanisa nazijua. Wakifanya hivyo kabidhi kila kitu kwa heshima, na Jumapili keti pale pale unapoketi siku zote. Nyumba ya kiroho ambayo mlango wake ni kitu cha kuiba si nyumba ya kupiga magoti kuingia. Wale akina mama waliokuita dada hawakukuita hivyo kwa sababu ya printa. Watakaokusalimia Jumapili hiyo ndio wako, na huenda wakawa wachache.

Na usiniandikie tena kuniuliza kama ukatae. Ulikuwa umeshakataa kabla hujanunua stempu. Sasa kataa ukiwa umejipanga.

Shangazi Watiri