Mmea Uliofukiwa

Mume wangu Nzioka,

Huku Mbooni ukungu umeshuka mpaka dirishani, na chumba chetu kinafanana na tangi lako la samaki. Ule mmea ulioniachia ndani ya tangi ulikuwa unageuka manjano. Nilidhani ni mwanga, nikafungua pazia. Nikabadilisha maji, wapi! Nilipoung'oa nikakuta shina linaoza. Kumbe mama yako aliupalilia, akaurundikia mchanga kama viazi vitamu. Nimeufunga kwa uzi juu ya jiwe, shina likiwa wazi majini, maana mmea huu ukifukiwa huoza. Leo una jani jipya, na samaki analala chini yake.

Tangu Pasaka simu yako ya ng'ambo haiingii. Mama anataka kanisa likufanyie ibada ya kukuaga kama marehemu. Nimemwita aone lile jani. Amelitazama sana, akasema, "Basi tungoje."

Mkeo,
Nzisa