Mafuta Uliyoniachia

3 Mei

Dada mpendwa,

Salamu nyingi. Nilifika salama, miguu tu ndiyo ilivimba kwa kukaa njia nzima. Hujambo? Kifua kinaendeleaje? Usinifiche, maana wewe hata ukiwa na homa husema ni usingizi.

Nafurahi nilikuacha msafi. Ile michoro ya wino waliyokuchora hospitali kifuani ilinikera. Niko saluni tangu nimalize shule, siwezi kuona ngozi imechafuliwa nikanyamaza, ndiyo maana niliisugua kwa dodoki mpaka ikatoka. Chupa ya mafuta yangu iko juu ya kabati. Paka asubuhi kabla ya kwenda kwenye mashine ya mionzi, ngozi iwe laini iuvumilie huo moto. Wateja wangu wanayasifia.

Shemeji yako anakusalimu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitakuja tena.

Mdogo wako

14 Mei

Mdogo wangu,

Barua nimeipata, nashukuru kusikia mko wazima. Mimi nipo, nasukuma siku. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unaongea peke yako.

Ile michoro haikuwa uchafu. Mashine inalengwa kwa kuifuata. Mtaalamu alipoona haipo aliuliza nani kaifuta, nikasema ni jasho. Nikalazwa upya kwenye mashine, nikapimwa, nikachorwa tena.

Mafuta nayo nilipaka, kwa sababu uliniambia nanuka hospitali, na kwa siku chache nilinukia kama mtu aliyetoka nyumbani kwake. Sasa chini ya titi pamebabuka, kwapani pamechunika, shati linagandia. Nesi alinusa tu akajua. Alinigombeza taratibu, akanirudishia maelezo yote ya mwanzo: maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo na manukato, kukausha kwa kugusagusa na kitambaa laini, nguo pana ya pamba, na krimu yao tu, tena baada ya mashine, si kabla.

Wamesimamisha matibabu mpaka kidonda kikauke. Daktari hakupenda, na mimi naogopa. Kama kuna kilichobaki humu ndani, sidhani kama nacho kinasubiri.

Usinitumie mafuta tena. Wasalimie watoto.

Dada yako

19 Mei

Dada,

Natumaini unaendelea vizuri. Sisi hatujambo, mtoto wa mwisho tu ana mafua.

Barua yako imeniuma. Inayokuunguza ni mashine, halafu lawama zinaangukia saluni yangu. Miaka yote hii sijaona mteja aliyebabuka. Nimekuogesha kwa mikono yangu mwenyewe, na hii ndiyo asante yake.

Nakuomba kitu kimoja, hayo uliyoandika yabaki baina yetu. Nesi asijue mafuta yametoka kwa nani. Watu wana midomo, na biashara ndiyo kwanza imeanza kuchangamka.

Jumamosi ile ya mwisho wa mwezi nakuja na chupa nyingine. Nimepunguza manukato.

Mdogo wako

27 Mei

Mdogo wangu,

Hamjambo huko? Mtoto amepona mafua? Mimi kidonda kimekauka, na kwenye mashine nimerudi tangu Jumatatu.

Leo kwenye chumba cha kubadilishia nguo nilikaa na mama mmoja kutoka huko kwenu, ndiyo kwanza anaanza. Alitoa chupa kwenye mkoba. Niliijua kwa harufu kabla sijaiona vizuri. Imebandikwa karatasi mpya iliyoandikwa kwamba mafuta haya yanatuliza ngozi ya wagonjwa wa mionzi. Akaniambia mwenye saluni ana dada yake wa tumbo moja anayeumwa titi, anapaka haya haya, na ngozi yake iko kama ya mtoto mchanga. Nikamuuliza amenunua lini. Akasema juzi.

Juzi, mdogo wangu. Barua yangu ulikuwa umeshaisoma na kuijibu.

Sikubishana naye. Nilimwambia, "Huyo dada ni mimi," nikafungua vifungo vya shati aone kovu la kidonda. Alitazama, akanyoosha mkono kama anayetaka kugusa, akaurudisha. Halafu akaniomba nimpeleke kwa nesi. Chupa wameichukua. Nesi alipouliza imetoka kwa nani, nilimtajia saluni, nikamtajia mtaa, nikamtajia na jina lako.

Watakupigia. Ukipenda waambie ni uongo, lakini huyo mama ameshaniona.

Jumamosi usije. Nikiweza kukutazama nitakuambia, na kwa sasa siwezi.

Dada yako