Kidole Chako cha Nne

Mwalimu,

Shikamoo. Najua huitikii, ila nikianza bila shikamoo utanikaripia hata huko uliko.

Nimekukasirikia. Tangu tukuzike nimelia vya kutosha, na wiki hii machozi yameniisha, nimebaki na hasira. Kisa ni ile prelude uliyopenda kuipiga, kipande cha kinanda cha ukurasa mmoja, ambayo mzee wa kanisa hakuchoka kuuliza, "Huu ni utangulizi wa nini, mbona hakuna kinachofuata?" Wewe ulikuwa unacheka tu.

Hapa Nzuguni tumepata mwalimu mpya wa kwaya. Mtu mpole, simlaumu. Jumanne niliipiga mbele yake kama ulivyonifundisha: mkono wa kushoto unagonga taratibu, wa kulia unaimba peke yake na kupanda. Kabla ya ile nota ya juu kabisa nikasita kidogo, ndipo nikaigusa. Akaniuliza, "Dada, kidole cha nne kinakuuma?"

Kidole changu kizima! Akanionyesha karatasi ya nota iliyochapishwa. Pale hakuna kusita hata chembe. Kumbe mimi kidole cha nne sikitumii. Nahamisha mkono mzima, na mkono unachelewa.

Nikaenda Chang'ombe kwa mkeo. Mama akanijibu kama anayezungumzia mvua: "Kile kidole alikikata na mkasi wa kupogolea mizabibu kule Hombolo, hatujaoana bado. Hakikukunjika tena. Hukujua?"

Sikujua! Miaka tisa nimekaa ubavuni pako nikiiga kilema chako! Ulikuwa ukisema, "Tulia hapo, Yustina, wimbo unavuta pumzi." Pumzi gani, Mwalimu? Ulishindwa nini kusema, "Changu kibovu, wewe tumia chako"? Mara ngapi nimelia pale pale, nikiamini ndipo mtunzi alipoificha huzuni yake. Kumbe ni mkasi wa zabibu.

Jumapili tunakuwekea msalaba kaburini, na nimeombwa niipige kwenye ibada. Nikajifungia siku tatu kujifunza upya, kwa vidole vyote. Imekuwa laini, inateleza yenyewe. Jana nikampigia mama kwenye kinanda chako, akasikiliza hadi sauti ya mwisho ilipofifia. Kisha akasema, "Nzuri, mwanangu. Lakini mbona yeye hayumo?"

Akaenda jikoni. Mimi nikabaki nimekaa, nimekukasirikia na nimekukumbuka, sijui kipi kilizidi. Lile bakuli la maji ulilokuwa ukiliweka ndani ya kinanda ili mbao zisipasuke na ukame lilikuwa limekauka. Nikalijaza, nikanung'unika, nikaondoka.

Haya, Mwalimu, pumzika. Nakuahidi hivi: yeyote nitakayemfundisha nitamwambia habari ya kidole chako, na atatumia vidole vyake vyote vitano. Lakini Jumapili, mama akiwa amekaa benchi la mbele, hiki cha nne changu nitakiacha hewani, na nitachelewa.

Mwanafunzi wako,
Yustina