Swichi Uliyoizima na Kuiwasha

Mpenzi wangu wa zamani,

Leo nimefunga swichi mpya ya mtandao, kisanduku cha kuunganishia kompyuta, hapa Misungwi. Kabla ya lolote, nimeielekeza itume taarifa zake zote kwenye seva, kompyuta ya kuzihifadhi. Nilipomaliza nikakukumbuka, na si kwa wema.

Tulipokuwa mafundi mtandao pale kiwanda cha minofu ya sangara Mwanza, nilikuomba tuweke seva hiyo. Swichi huandika kila kinachoipata, nilikwambia, lakini inajiandikia yenyewe. Ikizimwa, yote yanafutika. Ukanicheka. "Wewe upo, mimi nipo, seva ya nini tena?" Nikaacha kukuomba, maana nilikupenda, na kicheko kilikupendeza.

Siku ile zamu ilikuwa yangu, wewe ulikuja kunisaidia tu. Ukachomeka waya mmoja ncha zote mbili kwenye swichi ileile. Taarifa zikabaki kuzunguka humo bila kutoka, mtandao wa kiwanda kizima ukalala; chumba cha baridi kilipoharibika kengele yake haikutufikia, samaki wakaoza. Ulipogundua, ukachomoa waya, ukazima swichi ukaiwasha. Meneja alipoingia kuuliza nani kagusa nini, swichi haikuwa na hata mstari mmoja wa kumwonyesha.

Ukaniambia ukweli baadaye, tukiwa wawili, huku unalia. "Vumilia, mpenzi. Tukifukuzwa wote harusi tutaifanyaje? Wazee wangu wanavuka ziwa kuja kwenu Nansio kujitambulisha." Nikavumilia, nikafukuzwa peke yangu. Wazee wako hawakuvuka. Mama yako alisema hataki mkwe mzembe, nawe ukainamisha kichwa, kisha ukaoa kwingine.

Nilikuchukia sana, nisikufiche. Hata hivyo, nimeshazoea kuachwa.

Juzi nilikutana na mama yako sokoni Mirongo, huko Mwanza. "Shikamoo, mama," nikamwamkia. "Marahaba." Halafu akamgeukia mwenzake, mimi nikiwa palepale: "Ndiye huyu aliyeozesha samaki. Mungu alimwepusha mwanangu." Nikalipia nyanya zangu, nikaondoka. Ningesema ukweli, angeona ni wivu wa mwanamke aliyeachwa.

Sitaki machozi yako tena. Nataka jina langu. Barua hii naiacha wazi, aisome anayetaka, lakini mama yako hatamwamini mtu mwingine ila wewe. Mwambie waya ulichomeka wewe. Nenda ungali na mama wa kumwambia.

Kwa uchungu,
Aliyekuwa mchumba wako