Taa Zinazofuta Hina

Jumatano, 8 Juni 1955

Mume wangu Didas amekubali! Nusu nusu, kwa kununa, lakini amekubali. Chumba cha mbele ni changu mpaka mwisho wa mwezi. Kikijilipia kodi yake, kitabaki studio yangu ya picha. Kisipojilipia, anahamia Ansbert, mwenzake wa ghalani, ambaye tayari ameshauliza dirisha linatazama wapi. Mtu hajapewa chumba, anapanga pa kuweka kitanda!

Wateja ninao. Wanawake wa mtaa wetu hapa Temeke hawaendi studio za mjini. Kule mpigaji ni mwanamume, na anakushika kidevu akugeuze. Kwangu wanakuja. Taabu ni mwanga. Nikifungua dirisha wapita njia wanachungulia, na mama wa watu anavuta buibui mpaka puani. Nikilifunga napiga picha ya giza.

Kwa hiyo nahitaji taa. Nzuri, na nisiuze khanga zangu kuzipata.

Ijumaa, 10 Juni

Mjini kwa Taiyeb, anayeuza kamera na dawa za kusafishia picha. Kaniwashia vyote alivyo navyo, kama vile nimekuja na gunia la fedha.

Kwanza taa kubwa za umeme, kila moja na bakuli lake linalong'aa. Nimezitamani mpaka nikaona aibu. Lakini umeme umeishia nguzo ya barabarani, nyumba kumi kabla ya yetu. Nizichomeke kwenye mwembe?

Pili, balbu za kulipuka. Puu! — mwanga kama radi — halafu balbu imekufa, unatupa. Picha nane, balbu nane. Nikamwambia Taiyeb, kwa bei hiyo nitampiga kila mteja picha moja tu, tena awe amejiandaa kutopepesa. Alicheka mpaka akavua miwani.

Tatu, karabai. Moja tunayo nyumbani, nikiongeza ya pili zinatosha. Taiyeb akasema hiyo ndiyo akili, ila nibadilishe na filamu. Ile ya zamani niliyofundishwa na masista Bukoba haioni mwanga wa karabai, ni kipofu kabisa. Kuna mpya, yenye kasi, inayopenda taa. Nimenunua karabai moja na filamu mpya mbili. Nimerudi kwa miguu nikiimba. Karabai kichwani, filamu kifuani.

Jumapili, 12 Juni

Baada ya misa nilipitia Chang'ombe kwa fundi anayetengeneza ndoo na vibatari. Kanipasulia debe la mafuta ya taa katikati, kila nusu inasimama nyuma ya karabai na kuurudisha mwanga mbele. Nimezisugua kwa jivu mpaka nimejiona meno.

Jioni nimemjaribia Didas, na tai yake. Taa zote mbili mbele, usawa mmoja — uso ukawa chapati. Nikaisogeza moja kushoto, karibu. Nyingine mbali, nyuma kidogo. Kulia nikatundika shuka jeupe. Ah! Pua ikapatikana. Mashavu yakapatikana. Mume wangu ni mzuri, nilikuwa nimeanza kusahau.

Kaiomba picha aende nayo kazini. Anasema ni ya kuonyesha tu ubora wa taa. Haya.

Jumatano, 15 Juni

Leo nimekaguliwa. Bi Chausiku, dada yake Mzee Mwinshehe mwenye nyumba yetu. Ndiye somo wa nusu ya mabinti wa mtaa huu. Yeye huwafunda na kuwatia hina, na yeye husema nani aende wapi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yako dirishani. Kalisukuma kwa kidole kuhakikisha limefungwa. Kakaa kwenye kiti cha wateja, kajipepea.

"Mwanangu, mie sina neno na wewe. Ila mwari wangu asionwe na hata inzi dume."

Mwari ni Mwantumu, wa nyumba ya pili. Anaolewa keshokutwa. Atapitishwa uani kwa uani, hatakanyaga njia. Picha ni kwa ajili ya bibi yake aliyeko Mafia, mgonjwa, hawezi kusafiri, anataka kuona mjukuu katolewa ndani kwa heshima zote. Na heshima hiyo ni hina. Bi Chausiku huichora kwa njiti siku mbili, maua mpaka kwenye kiwiko. Piko hataki kuisikia, anasema weusi ule ni wa masomo wavivu. Hina tupu, nyekundu kama damu ya mzee.

"Wakipenda," akasema akiondoka, "Mfungo pili wote unaoingia wari wangu watapita hapa."

Mwezi wote! Nimemhesabia Didas. Kodi inatoka na chenji inabaki. Hakununa.

Alhamisi, 16 Juni

Mwantumu amekuja na wanawake tisa. Tisa, ndani ya chumba kile, na karabai mbili zinanguruma! Tumeloa jasho wote. Bi harusi kapakwa poda mara tatu. Wakaimba, wakanikatalia nisihesabu sekunde za picha kwa Kihaya maana eti natia uchawi. Nikahesabu kwa Kiswahili.

Picha nane. Mikono mbele kifuani, viganja nje, maua yote yaonekane. Alikaa kimya kama maji mtungini. Sijapata kupiga picha nzuri kuliko hizi. Najua. Mkono ulijua.

Ijumaa, 17 Juni

Mikono ni mitupu.

Nimeosha, nimechapa, nimechapa tena. Uso mzuri, macho mazuri, hata shanga zahesabika. Viganja — safi. Kama vya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Hakuna ua hata moja!

Huko nje nasikia ngoma ya harusi yake. Nimekaa stoo, ninamosafishia picha, nalia.

Jumamosi, 18 Juni

Nilizipeleka mwenyewe. Ningefanya nini?

Bi Chausiku akazitazama moja moja, nane zote. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Akauliza pole pole, "Bibi yake akiiona hii atasema nani kamfunda mjukuu wangu? Atasema kaozwa kwa haraka. Unajua mwari wa kuozwa haraka ni yupi?"

Najua. Kila mtu anajua. Nikaomba radhi mpaka sauti ikakauka. Akanirudishia picha, kazifunika kwa khanga kwanza.

Jumatatu, 20 Juni

Wari wawili wameahirisha. Kisimani nimesikia jina langu: taa za Apolonia zinafuta hina, na binti aliyefutwa hina nyumba haidumu. Jioni Didas kanitajia Ansbert, kwa upole. Upole wake umeniuma zaidi.

Jumanne, 21 Juni

Nilikwenda kwa Taiyeb na hasira nimeifunga kwenye leso. Kumbe hayupo. Yupo mkewe, Khatun. Akaniona uso, akaniletea chai ya maziwa, akachukua picha. Kaangalia mikono tu.

"Ilikuwa na hina?" kauliza.

"Mpaka kiwikoni."

Akaingia ndani, akatoka na picha yake ya harusi, kapigiwa Unguja zamani. Mikono yake! Hina nyeusi tii, kila jani, kila kitone, kama kashika kitambaa cha lesi. Na yake pia ilikuwa hina tupu.

Akanieleza kwa utaratibu, kama mtu anayemfundisha mwenziwe kupika. Filamu ya zamani haijui nyekundu, inaiona nyeusi. Hii mpya inaijua, inaichukua kama rangi nyepesi, karibu sawa na ngozi ya kiganja. Na karabai nayo mwanga wake ni wa njano-njano, ndiyo kabisa, hina inamezwa. Mumewe angejulia wapi? Yeye huuza kwa mabwana wanaopiga picha za simba.

Nilicheka na machozi yananitoka. Katika vitu vyote nilivyopima — bei, joto, kivuli, kelele — sikupima rangi ya hina! Kosa ni langu. Didas hapaki hina, na mimi nilimjaribia Didas.

Nimerudi na filamu mbili za zamani. Khatun kanipa kwa bei ya ndani.

Jumatano, 22 Juni

Nimejipaka hina kiganja kimoja. Filamu ya zamani, karabai zote mbili, nikahesabu mpaka thelathini. Giza tupu. Taiyeb alisema kweli, ni kipofu.

Basi hiyo filamu inataka jua, na wateja wangu hawataki dirisha. Nimekaa kwenye kiti cha wateja muda mrefu, nikiangalia juu kwa kukata tamaa. Na juu kuna nini? Hakuna dari. Kuna bati. Na juu ya bati kuna jua la bure kutwa nzima, na hakuna mpita njia anayepita angani!

Ijumaa, 24 Juni

Nimeongea na Didas kwa siku mbili. Mabati mawili tu ya upande wa nyuma. Yanafunguliwa asubuhi, yanafungwa jioni. Chini yake bafta nyeupe, ikivutwa vizuri, jua liingie limelainika. Akasema, mwanamke, umemaliza chumba sasa unataka paa. Akasema bati ni la Mzee Mwinshehe. Akasema mvua. Nikamwambia huu ni mwezi wa sita, kipupwe. Halafu akauliza nyundo iko wapi.

Kwa Bi Chausiku nilikwenda peke yangu. Nilimwonyesha kiganja changu na picha niliyokipiga uani, kwenye jua, kwa filamu ya zamani. Hina yangu ni mbaya, nimejichora kama kuku kapita. Lakini ilionekana, nyeusi! Akaisogeza karibu na jicho.

"Nani kakutia hina hii?"

"Mimi mwenyewe, Bi."

"Inaonekana." Kisha akacheka. Loo, nilikuwa sijajua kama anacheka! Fungate ya Mwantumu imeisha leo, Jumapili anakuja kumwamkia mama yake. Bi Chausiku atamtia hina upya huko huko, leo na kesho. Kuhusu bati akasema, "Mwinshehe ni mdogo wangu. Nimemlea mie, bati niachie."

Jumapili, 26 Juni

Naandika stoo, kwa taa nyekundu, filamu iko kwenye dawa. Uzuri wa filamu hii kipofu ni huo, naweza kukaa nayo na taa hii bila kuiunguza. Mwanga ni mdogo, sijui kama nitayasoma maandishi haya kesho.

Walifika mapema. Didas alikuwa bado juu ya paa ametoa bati la pili, na ngazi iko uani, na uani kumejaa wanawake. Ashuke apite wapi? Bi Chausiku akatoka katikati ya ua, akainua uso.

"Bwana Didas! Kaa hapo hapo. Tazama barabarani. Na uimbe, tukusikie uko wapi. Ukinyamaza tu, napanda mwenyewe!"

Basi mume wangu, karani, mwimbaji wa sauti ya chini kanisani, kaimba juu ya bati saa nzima. Kilatini chote anachokijua. Kilipomwishia akaanza za Kihaya za kunywea pombe. Wanawake wakapokea kwa vigelegele bila kujua maneno. Mimi nilijua!

Na mwanga — siwezi kuueleza. Umeshuka mweupe, mtulivu, kama maziwa, juu ya Mwantumu. Chini ya macho kulikuwa na kivuli, nikatandika shuka jeupe mapajani mwake, kivuli kikaondoka. Hakuna jasho. Hakuna kelele isipokuwa za Didas. Mwantumu amecheka katika picha ya tano. Nimeiacha hivyo hivyo. Nimefurahi leo, matokeo yawe yawavyo. Nimefurahi sana.

Kwenye filamu kila kitu hugeuka, cheusi huwa cheupe. Hina ikiwa imeshika, maua yatatokea meupe. Bado dakika chache.

Didas anagonga. Ansbert amefika! Eti mkokoteni wa kuazima ameupata leo tu, kaja na kitanda, godoro na sanduku. Nimesikia sauti yake barazani anauliza aingizie wapi.

Nikamwambia Didas siwezi kufungua mlango, mwanga utaiunguza filamu.

Halafu sauti yake imekauka kwa kuimba: "Nimemwambia chumba hakina bati."

Nampenda mtu huyu.

Ansbert anasema si kitu, atasubiri lirudishwe. Kakaa juu ya godoro lake. Bi Chausiku naye hajaondoka, yuko jikoni kwangu, anasema hatoki mpaka aione mikono.

"Apolonia," Didas ananong'ona mlangoni, "nimwambie nini huyu?"

Nimeiinua filamu mbele ya taa. Maji yanachuruzika mpaka kwenye kurasa hizi. Picha ya kwanza, kiganja cha kulia. Ua moja. La pili. La tatu, na jani lake.

Anagonga tena.

Subiri, nimemwambia. Nahesabu.